Bi Mvuke na Uso wa Mdogo Wake

Siku watoto wa mtaani walipomkimbia mdogo wake kwa mara ya kwanza, Bi Mvuke alicheka kuliko wote. Walikuwa wanatoka dukani, mdogo mtu kabeba mfuko wa vitunguu. Watoto waliokuwa wakicheza mpira wakaacha kucheza, wakamkodolea macho, kisha mmoja akasema, "Mzuka huyo," na wote wakatawanyika kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Mpira wakauacha pale pale. Mdogo mtu akauokota, akainamisha shingo upande kama alivyofanya kwenye filamu, akasimama hivyo bila neno. Nyuma ya kona wakasikia mayowe. Bi Mvuke alicheka mpaka akashika ukuta. Filamu ile ilikuwa yake. Aliiandika yeye, aliiongoza yeye, na hiyo shingo ya kuinama alimfundisha yeye. Watoto wakiogopa, basi wamemwogopa yeye.

Ndivyo alivyojiambia. Lakini jioni, alipokuwa akimenya vile vitunguu, alikumbuka kuwa hakuna mtoto hata mmoja aliyemtupia yeye jicho.

Jina la Bi Mvuke alilipata kazini. Alikuwa dobi mahali walipofua shuka na taulo za nyumba za wageni, na kutwa alisimama mbele ya mashine kubwa ya pasi, mvuke ukimfuka usoni. Wenzake walisema jina hilo linamfaa pia kwa sababu ya hasira zake, zinazopanda upesi na kupoa upesi. Kijicho chake ndicho kilichokuwa hakipoi, ila hicho hakuna aliyekijua.

Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa mtunga vitisho wa nyumba yao. Wakilala kitanda kimoja, alimnong'oneza mdogo wake habari za mwanamke anayekaa ndani ya kabati, anayemjua kila mtu kwa harufu ya nguo zake. Mdogo mtu alilia, mama yao akaja na kandambili mkononi, na dada mtu akachapwa. Hakujali. Kumwona mwenzake akitetemeka kwa kitu alichokitunga yeye kichwani kulimpa utamu ambao hakuupata darasani wala popote. Alipoolewa na fundi wa simu aliyekuwa na kamera na kompyuta ya mtumba, watu walisema amefuata mapenzi. Ni kweli alifuata mapenzi. Aliifuata na kamera.

Filamu yao ya kwanza iliwatia adabu. Damu waliipika kwa wanga na rangi ya chakula, ikajaa nzi. Usiku waliutengeneza mchana kwa kutundika mablanketi madirishani, na kila walipofika penye kutisha, jogoo wa jirani akawika. Maiti alipiga chafya. Mzuka alikuwa mama mmoja wa nyumba ya pili, mcheshi, ambaye hakuweza kuitazama kamera bila kuangua kicheko. Waliimaliza hivyo hivyo. Mwenye ukumbi, mzee aliyekuwa akionyesha mpira na filamu katika ghala kuukuu lenye viti vya plastiki, aliwapa nafasi Jumamosi moja mchana. Watu walicheka tangu mwanzo hadi mwisho.

"Vichekesho vyako vizuri," mwenye ukumbi alimwambia, tena kwa nia njema.

Bi Mvuke alikaa siku kadhaa haongei na mtu.

Walipoanza ya pili, yule jirani alikatazwa na mumewe. Kwa kukosa mtu, Bi Mvuke akamchukua mdogo wake, aliyekuwa muuzaji katika duka la viatu na ambaye alikuwa hajawahi kuigiza hata mchezo wa shule. Alimpaka unga usoni, akamwambia, "Usifanye kitu. Simama tu. Nikikwambia, inamisha shingo."

Mdogo mtu akasimama. Hakufanya kitu, kama alivyoambiwa, lakini namna alivyosimama ilimfanya shemeji yake Fundi, nyuma ya kamera, ajikute anarudi kinyumenyume mpaka akaukanyaga waya na taa ikazimika.

"Shemeji," Fundi alisema gizani, "bado uko hapo hapo?"

Hakujibiwa. Fundi akaomba mlango ufunguliwe.

Pale ndipo alipozaliwa Mzuka, na jina alilopewa na wazazi wake likaanza kusahaulika. Ukumbini watu hawakucheka. Mwenye ukumbi aliirudia filamu Jumamosi baada ya Jumamosi, akatengeneza na bango. Bango lote lilikuwa uso wa Mzuka, macho yakimfuata mpita njia. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, palikuwa na jina la mwongozaji, nalo limekosewa.

Bi Mvuke alisimama mbele ya lile bango kwa muda mrefu. Alijiambia kuwa bango ni bango. Ila tangu siku ile kila kitu kilikuwa kama kimepangwa kumchokoza. Walienda benki, mlinzi wa mlangoni akamtambua Mzuka, akaomba wapige picha pamoja. Kisha akamgeukia Bi Mvuke na kumpa simu. "Dada, samahani, tupige moja." Bi Mvuke aliipokea, akawapiga, akawakata vichwa wote wawili. Alisema bahati mbaya. Mlinzi akaomba nyingine.

Hata nyumbani hakukuwa na pa kupumulia. Mama yao hakuwahi kutazama filamu hata moja. Alisema mashetani aliokutana nao maishani wanamtosha, hana haja ya kuwafuata wengine ukumbini. Hilo halikumzuia kujisifu mbele ya wageni.

"Huyu wangu wa pili ni mcheza filamu."

"Na wa kwanza?"

"Wa kwanza yuko kwa dobi."

Bi Mvuke alikuwa anaingia na sinia la chai. Alisubiri wageni waondoke. "Mama, hizo filamu anaziandika nani?"

"Nani amesema huandiki?" mama alijibu akikusanya vikombe. "Lakini kuandika hakuonekani, mwanangu. Wageni nitawaonyesha nini, kalamu?"

Kumlilia mtu ngoa na huku unampenda ni kazi nzito. Bi Mvuke alimpenda mdogo wake. Kila mwisho wa juma alimsuka nywele, wakipiga soga za wateja wa viatu wenye miguu mikubwa na majivuno makubwa zaidi. Moyo wake ulikuwa shwari kabisa. Halafu mtu anapita dirishani, anaita, "Mzuka, hujambo?" na vidole vya Bi Mvuke vinakaza msuko.

"Dada, unaniumiza."

"Vumilia. Si unataka upendeze?"

Katika hali hiyo ndipo alipoandika filamu ya tatu. Ilihusu dobi anayefuatwa na mgeni aliyefia katika nyumba ya wageni, ambaye kila siku anarudi kulidai shuka alilokuwa amejifunika alipoaga dunia. Kisa kilikuwa kizuri, pengine kizuri kuliko vyote alivyowahi kuandika. Lakini mzuka alifunikwa shuka gubigubi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuwa na uso wala neno la kusema.

Fundi alisoma, akakuna kidevu. "Mke wangu, watu wanakuja kumwona shemeji."

"Watu wanakuja kuona filamu."

"Sawa. Ila ukiwa na ng'ombe wa maziwa humvishi suruali."

"Mzuka hahitaji uso," Bi Mvuke alisema. "Ukishauzoea uso, huuogopi tena." Hoja ilikuwa na mashiko, na kwa sababu ilikuwa na mashiko, hakulazimika kutazama kilichokuwa chini yake.

Mdogo wake aliposoma alifika mwisho, akarudi mwanzo, kama aliyedondosha kitu humo. "Sijioni," alisema.

"Upo kila mahali. Wewe ndiye mzuka."

Mzuka alimtazama dada yake kitambo. "Sawa, dada."

Walirekodi Jumapili, siku ambayo kwa dobi hakuna kazi. Bosi aliwaruhusu alimradi wasitie rangi nyekundu kwenye shuka za wateja. Boila ikawashwa, chumba kikajaa mvuke, na ule mvuke ulikuwa bora kuliko moshi wowote ambao wangeutengeneza. Mzuka alisimama katikati ya safu za shuka zilizoanikwa, naye kafunikwa shuka lililolowa, ili dobi wa kwenye filamu, dada mmoja wa kazini, apite akizigusa moja moja mpaka aguse lenye mtu.

Wakarudia. Bi Mvuke akasema mkono ulitikisika. Wakarudia tena. Akasema shuka limekunjamana. Mara nyingine hakutoa sababu, alisema tu, "Tena." Fundi alimtazama, akawasha kamera tena. Joto lilikuwa la kumkausha samaki. Watu walijipepea kwa maboksi ya sabuni, na yule aliyekuwa chini ya shuka hakulalamika hata mara moja, jambo lililomchoma Bi Mvuke zaidi kuliko kama angelalamika.

Ndipo katika kurudia kwa mwisho likatokea ambalo halikuandikwa. Dobi wa filamu alinyoosha mkono, na kabla hajagusa, lile shuka likavutwa ndani penye mdomo. Likaonyesha shimo la kinywa kilicho wazi. Likaachiwa. Likavutwa tena, kwa nguvu, na safari hii kitambaa kikashika na mashimo ya macho. Yule dada aliyekuwa akiigiza alisahau kuwa anaigiza, akarudi nyuma akapamia kapu la nguo. Mwigizaji wa maiti, aliyekuwa amekaa pembeni akingoja zamu yake, alitoka nje na unga wake usoni. Kamera ilitetemeka mikononi mwa Fundi.

Bi Mvuke alifungua mdomo aseme "kata," sauti isitoke. Alikuwa anaogopa. Hofu ile ya kweli, ya kukufanya uwe mdogo, alikuwa hajaisikia maishani. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akiigawa. Shuka likavutwa, likaachiwa, likavutwa. Kisha Mzuka mwenyewe akalivua, uso ukimtiririka maji, akaketi juu ya kapu na kuomba maji ya kunywa. Watu wakapiga makofi.

"Haya," Bi Mvuke alisema. "Tuendelee na inayofuata."

Walipokaa kuihariri, Fundi alikirudisha kile kipande mara kadhaa, na kila mara nywele za mikono zilimsimama.

"Hicho kitoe," mkewe alisema.

"Kipi?"

"Hicho cha kupumua. Picha imetikisika."

"Imetikisika kwa sababu mimi mwenyewe niliogopa. Na atakayetazama ataogopa hivyo hivyo."

"Nani mwongozaji hapa?"

Fundi alikuwa mtu wa amani. Alikitoa, akakiweka pembeni kwenye kompyuta bila kusema amekiweka.

Jumamosi ya kuonyeshwa, ghala lilijaa mpaka watu wakakalia kreti za soda. Mzuka alivaa gauni lake la kijani, akaketi karibu na dada yake. Filamu ikaanza. Watu wakatulia, wakangoja. Wakangoja tena. Shuka lilitembea huku, shuka likasimama kule. Katikati mtu mmoja akauliza, "Sasa huyu Mzuka wetu yuko wapi?" Mwingine akajibu, "Amekwenda kufuliwa," na ukumbi mzima ukacheka, kicheko kile kile cha filamu ya kwanza.

Bi Mvuke hakutazama skrini tena. Alikuwa anamtazama mdogo wake kwa pembe ya jicho. Ilipofika sehemu ya shuka zilizoanikwa, Mzuka alikaa wima kitini, mikono imeshika mkoba. Mkono wa dobi ukanyooka, ukagusa, picha ikahama. Mzuka aliendelea kukaa wima muda kidogo, kisha akaegemea taratibu. Taa zilipowashwa aliaga kwa heshima, akaondoka na mkoba wake.

Mwenye ukumbi alisema ataionyesha Jumamosi moja tu zaidi, kwa kulinda urafiki.

Jumatatu Mzuka alikuja kwa dobi saa ya mapumziko ya mchana. Wenzake Bi Mvuke walikuwa nje wanakula. Alisimama upande wa pili wa mashine ya pasi, shuka likiwa kati yao.

"Ile pumzi umeiondoa," alisema.

"Picha ilitikisika."

"Dada."

Bi Mvuke alilinyoosha shuka ambalo lilikuwa limeshanyooka.

"Mimi mle ndani nilikosa hewa," Mzuka alisema. "Shuka lilikuwa limelowa, kila nikivuta linanibana puani na mdomoni. Sikuwa naigiza. Nilikuwa nangoja useme kata."

Mashine ilitoa mvuke wake. Bi Mvuke aliuzima umeme.

"Kwa nini hukulivua?"

"Ulikuwa umeshanirudisha mara nyingi. Nilijiambia nikilivua, utasema 'tena.'" Akapitisha kidole kwenye ukingo wa shuka. "Halafu nikamsikia yule dada akilipamia kapu. Nikajua mmeogopa. Basi nikasema ngoja nivute mara nyingine, na nyingine. Hewa sina, lakini nikaona siwezi kuacha."

Bi Mvuke alikaa chini kwenye boksi la sabuni. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa aibu, maana alimwacha mtoto wa mama yake akikosa pumzi mbele ya macho yake. Aibu ilikuwa bado haijatulia vizuri, cha pili kikaingia, na hakukitarajia. Kilikuwa ngoa. Mtu anakaribia kuzimia, na bado sikio lake liko kwa watazamaji. Hicho hakufundishwa na yeye, wala hakuna wa kukifundisha. Alilia hapo hapo kwenye boksi, na asingeweza kumwambia mtu analilia lipi kati ya hayo mawili.

"Sikusema kata kwa sababu niliogopa," alisema alipoweza. "Niliogopa kama ulivyokuwa ukiogopa kitandani kwetu. Ndiyo maana nilikitoa kile kipande. Nilikuonea gere."

"Najua," Mzuka alisema. "Tangu unifunike uso najua."

"Na ukakubali?"

"Nilitaka kuona kama nitaweza bila uso."

Fundi alipoambiwa akirudishe kile kipande, hakuuliza swali. Alikuwa amekirudisha tayari, amebaki kungoja ruhusa. Jumamosi ile watu walikuwa wachache, wengi wao waliokosa pa kwenda. Bi Mvuke hakukaa. Alisimama nyuma, kaegemea ukuta. Shuka lilipovutwa kwa mara ya kwanza, ghala lilinyamaza hata feni ikasikika. Lilipovutwa mara ya pili, mama mmoja wa mstari wa mbele alinyanyuka, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka bila kuvivaa. Kijana wa miraba minne akamshika mkono jirani asiyemjua. Bi Mvuke aliitazama migongo yao jinsi ilivyojikunyata, akaona ule utamu wa zamani ukimpanda. Na kando ya utamu ule, kijicho kilikuwa kimekaa mahali pake kama mpangaji asiyehama.

Habari zilienea. Jumamosi zilizofuata mwenye ukumbi alifungua milango yote ili walio nje waone. Mwanamke mmoja wa kampuni kubwa ya filamu alikuja, akatazama, akatoka akiuliza ni nani aliyekuwa chini ya shuka. Mwongozaji alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni. Hakuulizwa chochote.

"Ni mdogo wangu," Bi Mvuke alisema. "Anauza viatu. Twende nikupeleke." Akampeleka kwa miguu yake mwenyewe, na njia ile ya kwenda duka la viatu, anayoijua kwa kufumba macho, siku hiyo aliiona ndefu.

Kampuni ile ikampa Mzuka kazi, akahamia mji mwingine. Ilipotoka filamu yake, Bi Mvuke alimaliza zamu, akaoga, akaenda kuitazama peke yake katika ukumbi wenye viti vya kukunja. Walikuwa wamempaka rangi usoni kama ukuta wa ofisi. Walimpa meno ya bandia. Walimfanya apige kelele katika kila mlango. Bi Mvuke alikaa pale gizani akisikia roho yake ikistarehe, akajionea haya, ikastarehe tena.

Mzuka alipiga simu siku ya mapumziko. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Uliogopa?"

Bi Mvuke alifikiria kumdanganya. "Hapana."

Mdogo wake akacheka, kicheko cha nyumbani. "Hata mimi sikuogopa. Wanataka nipige kelele tu. Nikiwaambia niacheni nisimame, wanasema watazamaji watachoka." Akashusha pumzi. "Unaandika nini sasa?"

"Kuna kitu. Bibi mmoja anakaa nyumbani peke yake, anaandaa meza ya watu wengi kila siku, na kila siku viti vinajaa."

"Huyo bibi ni mimi. Nikiomba ruhusa naweza kuja."

"Nafasi hiyo nimeshampa mtu."

"Nani?"

"Mama."

"Mama hata filamu hatazami," Mzuka alisema. "Ataweza kutisha?"

"Hukulelewa naye?"

Bi Mvuke alisema hivyo kwa mzaha, lakini ni kweli walikuwa wameshaanza. Mama alikuwa amejitolea mwenyewe, baada ya kulalamika kuwa mzuka wa siku hizi hana heshima. Mbele ya kamera alipanga sahani taratibu, akavuta kiti kisichokuwa na mtu, akakiambia, "Kula, mwanangu, umekonda," na Fundi akaanza tena kurudi kinyumenyume.

"Anafanyaje?" Mzuka aliuliza, kisha haraka, "Anaigiza vizuri?"

Bi Mvuke aliisikia ile sauti. Aliijua vizuri, alikuwa ameibeba kifuani miaka na miaka, na sasa ilikuwa inamjia kwa simu kutoka mji mwingine. Angeweza kuifaidi kidogo. Aliifaidi kidogo. Halafu akasema, "Yule bibi ana mgeni mmoja anayekuja mwishoni, anasimama tu mlangoni. Hana neno. Uso anao."

"Mnarekodi lini?"

"Ukipata ruhusa."

Mzuka akaomba asubiriwe, akasema atamwambia bosi wake kesho yake. Bi Mvuke alikata simu, akaenda chumba cha pili kumwambia mama kuwa binti yake wa pili anakuja kuigiza naye.

Mama alikuwa mbele ya kioo, akijifunza kuinamisha shingo. "Aje," alisema bila kugeuka. "Ila asinizibe kamera."